Karani na Kuni za Mkwe

Mjukuu wangu Valeria amehamia nyumba yake mpya Masasi mjini, na kabla hajamaliza kupanga vyombo, panya nao wamehamia. Ameniuliza afuge paka au anunue sumu. Sumu nimemkataza, maana ana mtoto anayetambaa na kila anachookota kinaishia mdomoni. Kuhusu paka, nimemwambia jibu ninalo, ila si la neno moja, na hataliona vizuri asipojua habari za Karani na za mama yangu.

Karani alikuwa paka jike, rangi ya majivu, sikio moja limekatika ncha. Alikuja kwetu mwaka 1974, mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa upande wa Makote, huku juu Newala. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa ndani ya mikorosho yake. Moshi wa jirani unauona, lakini hakusikii ukimgombeza mwanao. Kijijini tulipangwa kwa mistari, mlango unatazamana na mlango. Ukikohoa, nyumba tatu zinakupa pole. Mimi nilizoea upesi, napenda watu.

Mama yangu hakuzoea. Watu walimwita Bibi Imakulata. Alikuwa mwenyeji wa ng'ambo ya Ruvuma, karibu na Mweda. Mimi nililetwa upande huu nikiwa mdogo, kwa mama mdogo, nikasoma hadi darasa la nne, nikaolewa huku huku. Mama alibaki kwake mpaka vita vya Msumbiji vilipomfikia mlangoni. Akavuka mto mwaka 1968 na fundo moja la nguo, na ndani ya fundo hakukuwa na nguo. Kulikuwa na njugumawe.

Njugumawe hizo hazikuwa kama hizi za sokoni. Zilikuwa nyeupe, kila moja ina jicho jeusi. Bibi yake alizipanda, na mama yake alizipanda. Kila mwaka tangu afike, mama alipanda kishamba kidogo, tukala kiasi, na zilizo nzuri akazirudisha kwenye kikapu kungoja mvua nyingine. Alikuwa akisema vita vikiisha atarudi nazo, kwa sababu kule mashamba yamelala na hakuna mwenye mbegu hiyo tena. Kama kikapu hiki kikiisha, basi zimekwisha duniani. Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayekwambia njia ya kwenda kisimani.

Kule tulikotoka, kikapu kilining'inia juu ya meko, ndani ya moshi. Moshi unafukuza wadudu, na panya hapendi kutembea penye moto chini yake. Kijijini nyumba zilikaribiana, paa za nyasi zote, ikakubaliwa kwamba mtu asiwashe moto ndani ya nyumba ya kulala. Mama alijengewa kijumba chake nyuma ya nyumba yetu, cha fito na udongo, kizuri, lakini hakina moshi. Nilimwambia kikapu nikiweke jikoni kwangu. Akakataa. Alisema mara moja aliwahi kuacha vitu vyake kwa jirani, na sasa jirani hayupo wala nyumba haipo. Mbegu yake italala alipolala yeye.

Basi kikalala chini ya kitanda chake, na panya wakakipata.

Mwanzoni zilikuwa njugu mbili tatu, maganda yake yametupwa katikati ya sakafu bila hata kufichwa. Mama akafunika kikapu kwa ungo, juu ya ungo akaweka jiwe la kusagia. Panya wakatoboa ubavu wa kikapu. Akakining'iniza kwenye boriti, wakateremka kwa kamba. Kila Jumapili alikuwa akiingiza mkono apime zimefika wapi. Mwezi wa saba zilifika kwenye kiwiko. Mwezi wa nane zilikuwa chini ya kiwiko vidole vinne.

Alipita bwana shamba, kijana mmoja wa Tanga anaitwa Mrisho, mwenye Kiswahili laini kama uji. Alituambia dawa ya panya ni debe lenye kifuniko: weka mbegu, funika, lala usingizi. Wanawake tulitazamana. Maji ya Newala wakati ule tulikuwa tukiyafuata bondeni, unashuka alfajiri, unapanda jua likiwa utosini, debe kichwani. Mwanamke mwenye madebe mawili alihesabiwa ana bahati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, nikiweka mbegu kwenye debe, maji nitayaweka kwenye kikapu?" Mrisho alicheka mpaka akavua kofia. Akasema basi tafuteni paka.

Hapo inabidi niwataje mkwe na mkwewe. Mume wangu Ambrosi alikuwa Mmakua wa Lukuledi, alisoma kwa mapadre, mpole, mkono wake haukai bure. Alinifuata kwetu kama desturi ilivyo, na kwa desturi hiyo hiyo yeye na mama hawakutazamana machoni, hawakula pamoja, na hawakusemezana hivi hivi. Mwenye neno alilipitisha kwa mtu wa kati. Mtu wa kati nilikuwa mimi. Nikiwa shambani, ilikuwa Ursula mwanangu, mwenye miaka minne. Ukimtuma Ursula neno, lilifika limevaa nguo nyingine.

Ambrosi hakuweza kumwambia mama mkwe wake kwamba anampenda, wala haikufaa. Alimletea kuni. Kila alipotoka kufyeka shamba jipya alirudi na mzigo begani, akaupanga kwenye ukuta wa nyuma wa kijumba cha mama, upande wa kitanda, ili kikongwe asihangaike kutafuta. Magogo chini, fito juu yake, juu kabisa mabua ya mahindi ya kuwashia. Alizipanga zimenyooka kama matofali. Miezi ile ya kiangazi rundo likapanda mpaka likagusa nyasi za paa. Watu wakipita walisimama kulitazama. Jirani mmoja alimwambia mumewe, na alisema kwa sauti ili sote tusikie, kwamba yupo mkwe na yupo mgeni anayelala tu. Nami nilijisikia kichwa kikubwa.

Panya wa porini Ambrosi aliwajua kuwatega, maana huko kwao na huku kwetu panya wa shambani ni mboga, na nzuri. Aliwatega wa jikoni kwangu wakapungua. Lakini ndani kwa mama hakuweza kutia mguu. Mkwe haingii anapolala mama mkwe, hata kama nyumba inaungua anaanza kuita watu.

Nikaenda Newala kutafuta paka.

Sokoni palikuwa na Bi Sophia, mke wa mfanyabiashara, watu wa Masasi waliohamishia duka Newala. Aliuza chumvi na samaki wakavu, na paka wake walilala juu ya magunia kama ndio wenye duka. Nilimwamkia, shikamoo, akaitika, marahaba mwanangu, nikaeleza shida. Alisema paka hauzwi, anatolewa, ila usiondoke mikono mitupu usije ukasema umeokota. Nikampa kibaba cha korosho za kuchoma. Akanipa yule wa rangi ya majivu.

Akanipa na maneno. "Mlishe," alisema. "Watakwambia paka akishiba hawindi. Usiwasikilize. Paka anawinda kwa kupenda, kama mwanamume anavyopenda kikao. Ukimshindisha njaa ataiba kwa jirani, kisha atahama. Na umwekee maji, nyie watu wa huku mnasahau kwamba mnyama anakunywa."

Nikamtia kikapuni, nikafunika kanga, nikafunga. Njia nzima alilia. Wanawake niliokutana nao walinitania: Mama Ursula, wenzio wananunua dagaa, wewe umemnunua mla dagaa? Nikawajibu nimekwenda kuleta mke mwenza, nyumba imekuwa kubwa.

Wiki ya kwanza palikuwa na amani. Kijumba cha mama kilinyamaza. Nadhani panya walisikia harufu wakasubiri waone ni nani. Mama aliingiza mkono Jumapili, njugu ziko pale pale. Aliweka kifuu cha nazi karibu na mlango, akamtilia paka maji, kidogo, kama anavyomtilia mgeni wa heshima. Hapo ndipo alipokuja na mchezo wake. Ambrosi alikuwa anapita na jembe. Mama akamtazama paka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Paka, mwambie baba Ursula kwamba mgeni aliyeletwa na mkewe ni mwema."

Ambrosi alisimama. Akatazama chini, paka akiwa hapo hapo miguuni pake. Akasema, "Paka, mwambie bibi yako nimefurahi kusikia."

Tangu siku ile sikutumwa tena. Yote yalipita kwa paka. Paka, mwambie baba Ursula mpini wa jembe langu unacheza. Paka, mwambie bibi yako aulete barazani asubuhi. Niliwasikiliza kutoka jikoni nikijibana mbavu. Miaka sita walikuwa wamekaa ua mmoja kama watu wa nchi mbili, na sasa wanazungumza kuliko mimi na mume wangu.

Wiki ya tatu panya wakarudi. Wameshamwona paka ni mmoja, na wao ni ukoo. Na paka, badala ya kukaa ndani, akaanza tabia ya ajabu. Kukipambazuka anatoka, anazunguka nyuma ya kijumba, anakaa mbele ya rundo la kuni. Anakaa tu. Mkia umezunguka miguu, macho mbele. Jua linapanda, yupo. Tunarudi bondeni na maji, yupo. Ndipo mama akampa jina la Karani, kwa sababu anakaa mahali pamoja kutwa nzima, anatazama, na hakuna karatasi inayosogea.

Mara moja moja alikamata kamoja kalikotoka nje. Lakini kwa kila kamoja, ndani walikula watatu. Jumapili mkono wa mama ukashuka. Kikapu kikafika nusu.

Nilikuwa nimeanza kumchukia yule paka. Nilimwambia Ambrosi kwamba Bi Sophia amenipa mvivu, Jumamosi namrudisha. Ambrosi akasema tumpe muda, labda anapenda jua.

Mwezi wa tisa, redio ya jirani ikatangaza kwamba ng'ambo wamekubaliana, mapigano yamekwisha. Watu walitoka nje, wakapiga ngoma mchana kweupe. Wakimbizi waliokuwa kijijini walikumbatiana. Mama alikaa barazani na kikapu mapajani, anachambua mbegu, nzima huku, zilizotafunwa huku. Zilizotafunwa zilikuwa nyingi. Nilijua anahesabu: apande mvua hii, avune mwezi wa tano au wa sita, arudi kwake na mbegu mpya. Zisipofika mvua, arudi na nini?

Nami nitasema ukweli, wajukuu zangu, kwa kuwa wote wenye kuhusika wamelala. Kuna kitu ndani yangu kilichopenda kikapu kishuke. Nilikaa bila mama tangu utoto, nikampata kwa vita. Niliona njugu zikiisha labda atakaa. Sikumweka panya hata mmoja mle ndani, lakini pia sikufikiri sana. Mtu asiyetaka kufikiri hukuta kazi nyingi za kufanya.

Jioni zile, kabla ya kula, mama alikuwa anatutegea vitendawili. Kuna kimoja alikirudia kuanzia mwezi wa nane.

"Kitendawili," anasema.

"Tega."

"Nimejengewa ukuta kwa heshima, wakazi wake hawana heshima."

Nilijibu kanisa. Hapana. Nilijibu kichuguu. Hapana. Ursula alijibu Karani, tukacheka. Ukishindwa, aliyetega anakudai mji, umpe mji wowote autembelee, ndipo atoe jibu. Nikampa Masasi. Akasema Masasi kuna vumbi. Nikampa Newala. Akasema Newala atakunywa nini. Nikampa Lukuledi, kwao na Ambrosi, akasema huko ni kwa wakwe, mtu haendi bila kualikwa. Alitaka Mweda.

Mwezi wa nane nilikataa kwa utani: mji ulio vitani haugawiwi. Mwezi wa tisa vita vimeisha, nikakataa bila utani. Nilisema chungu kinaniungulia, nikaondoka. Na kwa kuwa sikumpa mji, naye hakutoa jibu. Ndiyo sheria ya mchezo, na mama hakuwa mtu wa kuvunja sheria.

Mwezi wa kumi na moja mawingu yakaanza kukaa upande wa bonde. Siku moja asubuhi nilimkuta mama amechutama nyuma ya kijumba, ubavuni mwa Karani. Wote wawili wanatazama kuni. Nilicheka, nikamuuliza sasa karani wamekuwa wawili?

Hakucheka. Akasema kikapu kimefika robo.

Nilichutama nami. Sijui ni nini kilichonishika, labda ni namna shingo yake ilivyokuwa nyembamba kwa nyuma. Nikasema, "Mama, nitegee kile kitendawili."

"Unakijua."

"Nakijua. Nimeshindwa. Chukua Mweda."

Akaanza, kama desturi, kusimulia safari ya mji aliopewa, ila wengine husema maneno mawili wakamaliza, na yeye hakumaliza upesi. Alisema nimekwenda Mweda. Nimefika asubuhi, umande bado. Nimepita kwa kina fulani, wamenikaribisha, nimekataa kukaa kwa sababu nina haraka ya kufika kwangu. Nimekuta nyasi zimefika kiunoni. Nimefyeka. Nimekuta jiwe langu la kusagia lipo, maana jiwe halikimbii. Nimepanda. Zimeota zote. Na jibu, akasema, ni kuni.

Nilitazama rundo. Nililitazama kwa mara ya kwanza, ingawa lilikuwa hapo miezi mitano. Chini, kati ya gogo na gogo, njia nyembamba zilizong'arishwa na miguu. Juu, mabua yamegusa paa, ngazi kamili ya kuingilia ndani. Ukuta wa heshima. Aliyeujenga ni mkwe, na waliohamia ni panya. Karani hakuwa mvivu. Alikuwa amekaa mlangoni pa mji mzima ambao hata mkono wake haupenyi.

Nikamuuliza mama kwa nini hakusema. Akaniangalia kama vile sikulelewa. Na kweli alikuwa na haki. Kwetu mama mkwe akiziondoa kuni alizoletewa na mkwe, au akisema zimezidi, ni sawa na kumwambia chukua vitu vyako urudi kwenu. Ndoa zimevunjika kwa mzigo mmoja uliorudishwa. Aliona bora apoteze njugu kuliko mimi nipoteze mume. Na kwangu mimi alijaribu kusema kwa njia iliyobaki, nikamnyima mji.

Sasa kazi ikawa moja: kuni ziondoke bila mtu kuzirudisha. Wiki ile ilikuwa zamu ya mstari wetu kupika kwenye shamba la ujamaa, watu karibu mia, uji na kisamvu. Nilikwenda kwa Ambrosi nikamwambia wanawake wameomba kuni za mama, kwa kuwa hakuna kijijini kuni zilizokauka kama zile. Hapakuwa na uongo, nilikuwa nimeshawatuma waombe. Alinyanyua kidevu. Akasema kama ni kwa kijiji kizima, zichukuliwe zote, ataleta nyingine. Na akasema atasaidia kubeba mwenyewe.

Tulianza jua likichomoza. Mabua yakatoka, fito zikatoka. Karani alisimama. Mkia wake, ambao miezi yote ulikuwa umezunguka miguu, ukanyooka. Ambrosi aliponyanyua gogo la tatu, chini pakachemka.

Sijawahi kuona mnyama akifanya kazi namna ile. Hakula hata mmoja. Anashika, anatikisa, anaacha, anarukia mwingine. Kuku wetu waliingia wakasaidia, wanawake wakapanda juu ya magogo wameshika kanga magotini, Ursula akipiga makofi. Waliokimbia wakakimbilia mistari mingine, na nasikitika kusema majirani walipata shida wiki ile. Karani aliwapanga kumi na mmoja kwenye mchanga kabla chai haijachemka.

Ambrosi hakuwa anatazama paka. Alikuwa amechutama penye viota. Ndani ya viota kulikuwa na pamba ya mto wa mama, nyuzi za kanga yake, na maganda ya njugumawe, lundo, mengine bado yana njugu nyeupe yenye jicho jeusi. Alichukua moja akaigeuza kwenye kiganja. Alijua ni nini. Kila mtu pale uani kwetu alijua ni nini. Alitazama ukuta, akatazama alama ya mabua kwenye nyasi za paa, na hakuna aliyemwambia neno.

Alikaa vile mpaka wanawake wote wameondoka na mizigo. Mama alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, amegeuza uso kando kama inavyotakiwa. Ambrosi akamtafuta Karani kwa macho, akamkuta anajiramba.

"Karani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mwambie bibi yako anisamehe."

Mama alikuja, akamwinamia paka, akamkuna penye lile sikio lililokatika.

"Karani, mwambie baba Ursula kuni zilikuwa nzuri. Mwambie zilikauka vizuri. Na mwambie mwaka huu alete kidogo kidogo, kikongwe moto wake si mkubwa."

Siku ile ile Ambrosi alisiriba ukuta wa nyuma kwa udongo mpya mpaka chini kabisa, akakata nyasi za paa zilizoning'inia. Kesho yake alitengeneza kichanja cha kuni mbali na nyumba, cha miguu mirefu, mtu anaona chini mpaka upande wa pili. Karani akahamia ndani kwa mama. Sasa palikuwa na kazi anayoiweza: panya mmoja mmoja anayejaribu mlango, badala ya ukoo mzima wenye ngome yake. Hawakwisha kabisa, nisikudanganye. Lakini Jumapili mama aliingiza mkono, na Jumapili iliyofuata, na mkono ukafika pale pale.

Mvua ilinyesha mwezi wa kumi na mbili. Mama alipanda mistari minane tu, kila shimo njugu moja, badala ya mbili za kawaida. Mimi nilipalilia mistari ile kuliko mihogo yangu mwenyewe. Zikazaa. Mwezi wa sita, wakati ng'ambo wanapandisha bendera yao, mama alikuwa anakung'uta njugu uani, na kikapu kikajaa mpaka kiwiko kikazama.

Akagawa. Nusu akafunga kwenye kanga, fundo lile lile. Nusu akaniachia, nikaining'iniza jikoni kwangu, ndani ya moshi. Nilimwambia amchukue Karani, kule mashamba yamelala, panya watakuwa wengi. Akasema kule paka atapata, ila hapa Karani akiondoka, huyu baba Ursula ataongea na nani?

Ambrosi ndiye aliyemsindikiza mpaka Ruvuma, siku mbili kwa miguu, yeye mbele na mzigo, mama nyuma. Mimi sikwenda, nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilimwambia mama barazani aende salama, akanitegea kitendawili chepesi cha kitoto ili nisilie, nikakijua, nikajifanya sikijui, nikampa Mweda tena.

Siku ya nne jioni Ambrosi alirudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa namenya mihogo. Hakunitazama. Aliketi kwenye kigoda, akamnyanyua Karani akamweka mapajani.

"Karani," alisema, "mwambie mama Ursula kwamba mama yake amevuka salama. Mtumbwi haukuyumba. Fundo lilikuwa kavu."

Karani alikuwa ameshalala.